Mkufu wa fedha au wa kuchovya dhahabu: uliza kwanza chini yake kuna nini

Dada uliyeuliza, umeeleza kwamba una pesa ya kununua kitu kimoja tu cha kuvaa kila siku, na kwamba unasita kati ya mkufu wa fedha wenye muhuri wa 925 na mwingine uliochovywa dhahabu, kwa kuwa bei zake zinakaribiana. Nimevaa vya aina zote mbili kwa miaka mingi, na kosa nililolifanya mwanzoni nisingependa ulirudie: niliangalia rangi ya juu bila kuuliza chini yake kuna nini.

Fedha ya 925 ina sehemu 925 za fedha katika kila sehemu 1,000, na zile 75 zinazobaki kwa kawaida ni shaba, ambayo huongezwa kwa sababu fedha tupu ni laini mno na hupinda na kukwaruzika upesi. La msingi ni kwamba mchanganyiko huo ni ule ule kuanzia juu hadi kiini. Kitu kilichochovywa dhahabu ni tofauti kabisa, kwani ndani yake mara nyingi mna shaba, au shaba iliyochanganywa na zinki, na dhahabu ni utando tu uliopakwa juu kwa nguvu ya umeme. Utando huo hupimwa kwa mikroni. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Kwenye mapambo ya bei nafuu, utando wa dhahabu mara nyingi haufiki hata mikroni moja.

Pete yangu ya kwanza ya kuchovya niliivaa nikifua, nikiosha vyombo, na hata usingizini. Baada ya miezi minne, upande wa kiganjani, pale inaposuguana na kila kinachoshikwa, lilitokea doa jekundu dogo kama punje ya mtama, likawa mstari, na kila nilipoivua kidole kilibaki na alama ya kijani. Alama hiyo hutokana na shaba inapokutana na jasho, nayo hutoka kwa maji na sabuni bila kudhuru ngozi, lakini pete ilikwisha chujuka na hakuna kusugua kungeirudisha. Kidani nilichokinunua siku ile ile kilidumu zaidi ya miaka miwili, kwa sababu kidani hakisuguliki kama pete. Kwa hiyo swali la kudumu halijibiwi kwa aina ya madini peke yake. Linategemea pia kitu chenyewe kinavaliwa wapi mwilini.

Hereni ndizo zilizonitesa zaidi. Chini ya utando wa dhahabu mafundi wengi hutanguliza nikeli, na ngozi yangu haivumilii nikeli: tundu la sikio liliwasha, likavimba, likatoa majimaji kwa wiki nzima. Mzio huu huwapata watu wengi, ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha nikeli inayoweza kutoka kwenye mapambo yanayogusa ngozi, na kikomo kikali zaidi kwa vijiti vinavyopita kwenye matundu. Tangu nihamie hereni za fedha ya 925, ambayo kwa kawaida haina nikeli, sijaumwa tena.

Fedha nayo ina kero yake, nayo ni kupiga weusi, kwa sababu hewa hubeba chembechembe za salfa zinazoungana nayo. Mkufu alioniachia shangazi ulikaa sandukuni hadi ukawa mweusi kama masizi. Nilitandika karatasi ya alumini kwenye bakuli, nikauweka mkufu juu yake ugusane nayo, nikanyunyiza magadi ya kuokea na kumimina maji ya moto. Ilipanda harufu ya mayai yaliyooza, na baada ya dakika chache pingili zake ziling'aa tena, maana salfa ilikuwa imehamia kwenye alumini. Usifanye hivyo kwa kitu chenye lulu au mawe ya kubandikwa kwa gundi. Hicho kifute kwa kitambaa laini tu.

Kwa matumizi ya kila siku uliyoyaeleza, mimi ningechukua fedha bila kusita. Ikiwa moyo wako uko kwenye rangi ya dhahabu, tafuta kilichochovywa juu ya fedha, kiitwacho vermeil, ambacho nchini Marekani hakistahili jina hilo mpaka utando wake ufikie angalau mikroni 2.5. Muulize muuzaji unene wa utando, na akishindwa kuutaja, chukulia kwamba ni mwembamba. Kisha geuza kifungio cha mkufu uutafute muhuri wa 925, maana hapo ndipo hugongwa mara nyingi.