Makopo ya jikoni gereji ya bodaboda, kwa spanaboi mnaoanza

Mnaoanza kazi gereji za pikipiki msikimbilie kununua tuliboksi, vyombo vya kuwekea vitu vimejaa kwa mama lishe na kwa muuza chipsi, tena vya bure, kazi ni kujua kipi kinafaa wapi.

Cha kwanza kabisa, pikipiki moja ndoo moja. Ukishafungua Boxer kila kitu cha hiyo Boxer kinaingia ndoo yake, hizi ndogo za rangi zinatosha, namba ya pikipiki unaandika kwa maka pembeni. Ukichanganya na vitu vya TVS iliyolala hapo jirani utakuja kufunga injini ubaki na bolti mbili mkononi, na mwenye pikipiki kakaa kwenye benchi anakutolea macho.

Ila kwa kava la kluchi ndoo peke yake haitoshi. Zile bolti vichwa vinaingia spana moja, urefu sasa ndo unatofautiana, ukipeleka ndefu kwenye tundu la fupi inagota chini kabla kava halijabana, we unadhani bado unaendelea kukaza kumbe unakula uzi wa tundu, na bodi ya injini ni alumini hiyo, laini. Chukua boksi la biskuti, kata kipande, chora umbo la kava, toboa matundu kwa bisibisi, kila bolti unayofungua unaichomeka palepale ilipotoka. Trei ya mayai nayo nzuri, ina vishimo 30, unapanga kuanzia kona moja kwa mfuatano uliofungulia, wakati wa kufunga unarudi kinyume. Ya plastiki ni bora sababu ya karatasi inanyonya oili mpaka inalegea.

Kabureta fungulia kwenye kifuniko cheupe cha ndoo. Jeti, yaani vile vipande vyenye kitundu cha kupitisha petroli, ile kubwa na ile ndogo ya sailensa (injini ikiwaka bila kuvuta mafuta), springi, oringi za mpira, vyote vinaonekana na havibingiriki kwenda mchangani. Usitumie yale maboksi meupe mepesi ya chipsi, petroli ikigusa yanayeyuka yanakuwa gundi, alafu uanze kubandua gundi kwenye jeti.

Dumu la mafuta ya kula la lita 5 lilaze, kata ubavu mmoja, mkono uache, hapo una beseni la kumwagia oili. Oili chafu usimwage mtaroni, weka kwenye dumu lenye mfuniko, wapo wanaoifuata kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Makopo ya maziwa ya unga ni ya nati na washa. Osha kwa maji ya moto na sabuni, anika mpaka yakauke kweli, na kwa sisi wa Pwani tia oili kidogo ndani maana hewa ya chumvi haichelewi kuleta kutu. Nje ya kopo funga kwa waya nati ya saizi iliyomo, lebo za karatasi zikishapata grisi hazisomeki.

Chupa za maji ya kunywa hapana. Usiweke humo petroli, tina ya rangi wala maji ya betri (asidi), hata kama unasema ni kwa dakika mbili, gereji za barabarani watoto wanapita na mtu mwenye kiu haulizi. Maji ya betri yasiingie kopo la bati pia, yanalila. Brekifluidi iache kwenye chupa yake ya dukani imefungwa vizuri, inavuta unyevu wa hewani, ukiihamishia kopo la wazi hiyo si ya kuweka kwenye breki tena.