Vipimo viko safi, mbona moyo unakwenda mbio?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 38, nauza vitenge hapa Mwanza. Tangu mwezi wa kwanza moyo unakwenda mbio bila sababu, vidole vinaingia ganzi, kichwa kinabana kama kimefungwa kamba, tumbo linajaa gesi na usingizi unakata saa tisa usiku. Nimetibiwa taifodi mara tatu, UTI mara mbili, na sasa natumia dawa za vidonda vya tumbo. ECG, sukari na presha wanasema viko sawa. Jumatano usiku ndiyo inakuwa mbaya zaidi, kuna siku nilikimbizwa hospitali nikidhani nakufa. Kituo kimoja cha tiba mbadala walinishikisha chuma cha mashine, wakasema damu ina sumu na moyo una mafuta, wakaniuzia dawa za laki tatu na nusu. Mdogo wangu anasema ni stresi. Lakini mimi sina mawazo, nina kazi zangu, na mkopo wetu wa kikundi narejesha kila Alhamisi bila kuchelewa. Je, stresi inaweza kufanya haya kweli? Na kuna kipimo cha kuiona?

JIBU: Ndiyo dada yangu, inaweza kufanya yote hayo. Kliniki naona hali kama yako mara kwa mara: mtu anakaa, anatoa bahasha ya kaki iliyojaa majibu ya maabara, anaimwaga mezani na kusema, "Daktari, tafuta walichokikosa." Kabla sijagusa karatasi yoyote huwa nauliza habari za nyumbani na za kazini, na jibu huwa ni lile lile uliloniandikia wewe: "Mimi sina mawazo."

Hapo ndipo watu wanapopotea. Wanasubiri msongo uje na sura ya huzuni, mtu kashika tama, hali chakula, haongei, analia peke yake. Akijiona bado anaamka alfajiri, anafungua duka na kutaniana na wateja, anajihesabu mzima. Basi moyo ukienda mbio anatafuta ugonjwa wa moyo, na tumbo likijaa anatafuta vidonda. Kumbe mwili hausubiri wewe ukubali kwamba umeelemewa. Kujikaza hakuondoi msongo, kunawazuia majirani tu wasiuone.

Ubongo ukihisi hatari, tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini ndani ya sekunde chache. Moyo unaongeza mapigo, ini linaachia sukari, damu inapunguzwa tumboni na kupelekwa kwenye misuli, shingo na mabega yanakaza. Nyuma yake inafuata homoni nyingine, kotisoli, inayoushikilia mwili katika hali hiyo kwa muda mrefu zaidi. Utaratibu huu unafaa sana kwa kumkimbia mbwa mkali. Haufai kwa deni la miezi minane. Tumbo lililonyimwa damu na utulivu kila siku litajaa gesi, na misuli ya shingo isiyolegea itabana kichwa kama kamba. Saa tisa usiku ule usingizi mzito wa mwanzo umekwisha na kotisoli imeanza kupanda kuelekea alfajiri, kwa hiyo mtu mwenye msongo akishtuka saa hiyo halali tena.

Ganzi ya vidole ndiyo inayowatisha wengi kuliko yote, kwa sababu wanahisi ni kiharusi. Kuna jambo huwa nalifanya na mgonjwa kijana asiye na ugonjwa wa moyo, wa mapafu wala kifafa. Namwomba akae, apumue haraka haraka kwa kifua cha juu kwa muda kama wa dakika moja, mimi nikiwa pembeni yake. Kabla dakika haijaisha anaanza kutazama mikono yake. Vidole vinachoma choma, midomo inakuwa mizito, kichwa kinaelea, na mara nyingi anasema mwenyewe, "Ndiyo hii, daktari, ndiyo hii inayonishika!" Hakuna ugonjwa ulioingia chumbani. Ametoa kabonidioksidi nyingi kuliko kawaida, na mishipa ya fahamu ikaanza kulalamika. Mtu mwenye hofu hupumua hivyo bila kujijua, na kadiri ganzi inavyoongezeka ndivyo anavyozidi kuogopa na kupumua haraka zaidi. Hofu ya ghafla ya namna hii kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha inashuka. Ndiyo maana wengi wakifika mapokezi ya hospitali wanakuwa wameanza kupata nafuu, wanapimwa, wanaambiwa "huna kitu", wanarudi nyumbani na aibu.

Neno hilo "huna kitu" nalichukia. ECG safi inamaanisha umeme wa moyo ulikuwa sawa wakati unapimwa. Haimaanishi kwamba hukuteseka.

Sasa isome tena barua yako. Umeandika kwamba Jumatano usiku ndiyo mbaya zaidi, na sentensi chache baadaye ukasema marejesho ni kila Alhamisi. Hukuyaunganisha. Hujawahi kuchelewa, nakubali, lakini mikopo ya vikundi sote tunaijua: akikosa mmoja, wote mnakaa pale hadi hela itimie. Mwili wako umejifunza kalenda ya mkopo kuliko unavyotaka kukiri. Siwezi kukuthibitishia ugonjwa kwa barua, ila mtu akinisimulia hivyo ana kwa ana, hapo ndipo ninapoanzia.

Kuhusu kipimo: hakuna tone la damu linaloonyesha msongo wa maisha. Kupima kotisoli kuna kazi yake, kunasaidia kugundua magonjwa ya tezi za adrenali, na anayekupima kotisoli ili akuambie una msongo kiasi gani anakula hela yako. Kilichopo ni maswali. Shirika la Afya Duniani lina dodoso linaloitwa SRQ-20, maswali 20 ya ndiyo au hapana, ambalo limetumika nchi nyingi zikiwemo zetu. Swali la kwanza kabisa ni kuhusu kuumwa kichwa mara kwa mara. Yanafuata hamu ya kula, usingizi, kushtuka ovyo, mikono kutetemeka, chakula kutosagika vizuri, kuchoka upesi. Waliolitunga walijua kwamba mtu aliyeelemewa huja na tumbo na kichwa kabla ya kuja na machozi. Humo pia kuna swali la kama umewahi kuwaza kuyakatisha maisha yako. Yeyote ambaye jibu lake hapo ni ndiyo asingoje kliniki ya wiki ijayo. Aende hospitali leo, na asiende peke yake.

Nirudi kwenye taifodi, maana hapa uvumilivu wangu huisha. Taifodi ni homa inayokaa siku kadhaa mfululizo, na wewe hukutaja homa hata mara moja. Najua kilichofanyika: ulipimwa Widal, kipimo chenye asili ya mwaka 1896, kinachotafuta kingamwili kwenye damu. Katika nchi kama zetu mtu anaweza kuwa na kingamwili hizo kwa sababu aliugua zamani, alichanjwa, au amekutana na bakteria wengine wa ukoo huo. Majibu ya Widal moja bila homa hayatoshi kumwandikia mtu dozi, na kuotesha damu maabara ili kuona bakteria wenyewe ndiko kunakoaminika zaidi. Lakini Widal ni rahisi, dozi inauzika, na mgonjwa anaondoka akiwa na jina la ugonjwa.

Na dozi zenyewe si maji. Kama mojawapo ilikuwa siprofloksasini, ile tunayoiita sipro, fahamu kwamba miongoni mwa madhara yake ni kukosa usingizi, wasiwasi na mwili kutotulia. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka onyo kuhusu madhara ya akili ya kundi hilo la dawa likaziwe. Tena sipro huchelewesha kafeini kutoka mwilini. Fikiria basi mtu mwenye msongo, hajalala, anakunywa chai ya rangi na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu ili awahi sokoni, halafu anameza sipro siku 10. Mapigo ya moyo yakizidi anarudi maabara, na Widal bado inasoma vile vile. Kila mzunguko kama huo pia unawafundisha bakteria usugu, na siku taifodi ya kweli itakapokuja dawa inaweza isifanye kazi.

Vidonda vya tumbo nitavipitia haraka. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua kwamba vinahusiana na bakteria, Helicobacter pylori. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wenye kichwa kinachobana humeza kama karanga. Msongo unaweza kuzidisha maumivu ya tumbo, lakini vidonda havitibiwi kwa kubahatisha. Omba kipimo cha choo cha bakteria hao, na kiwe angalau wiki 2 baada ya kuacha omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na wiki 4 baada ya antibayotiki, la sivyo kinaweza kusema hakuna wakati wapo.

Cha kufanya: nenda hospitali ya Bugando au Sekou Toure hapo Mwanza, uliza kliniki ya afya ya akili, na usiseme "nina taifodi sugu". Sema dalili, zilianza lini, na siku gani zinazidi. Wakupime wingi wa damu na tezi ya thairoidi ya shingoni, kwa sababu upungufu wa damu na tezi inayofanya kazi kupita kiasi vinaweza kuukimbiza moyo hivi hivi. Vikiwa sawa, acha kupima. Maumivu ya kifua yanayobana ukipanda ngazi au kutembea, yanayosambaa mkononi au tayani, kuzimia, au upande mmoja wa mwili kulegea ni habari nyingine, hayo ni ya dharura.

Kisha deni lenyewe liwekwe mezani. Huko Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kumsaidia mtu achague tatizo moja na kulitafutia hatua ndogo anayoiweza. Utafiti wao uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili kupungua kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Kazi ya namna hiyo inataka mtu wa kukaa naye, na wewe una mdogo wako aliyeona mapema. Mwambie kiasi unachodaiwa, kwa tarakimu. Ukitaka kukopa kwingine ili kuziba, tazama kwanza: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, na walioumizwa na mikopo ya riba kubwa, ile tunayoiita kausha damu, wamenijazia kliniki.

Sasa ile mashine. Chuma ulichokishika kiganjani hakiwezi kupima mafuta ya damu, sumu, wala hali ya ini na figo. Mafuta ya damu hupimwa kwenye damu. Kile kinachotoka kwenye kompyuta, kurasa na kurasa zenye rangi nyekundu na njano, kinamkuta mtu aliyeambiwa "huna kitu" hospitali, na ndiyo maana kinauzika: kwa mara ya kwanza kuna karatasi inayokubali kwamba anaumwa. Wanaipeleka makanisani, misikitini, ofisini na kwenye mabaraza ya wastaafu, na dawa ziko kwenye boksi lile lile lililobeba mashine. Nimeona watu wenye presha halisi waliacha vidonge vyao ili "wasafishe damu" kwanza. Ukialikwa kwenye upimaji wa bure wa mwili mzima, uliza nani ana leseni ya maabara na nani anauza dawa. Likiwa jibu ni mtu mmoja, ondoka.

Njia nyingine ya mkato iko dukani, kwa kunong'ona: diazepamu, maarufu kama valiamu, "kimoja tu ulale". Kinalaza kweli. Baada ya wiki chache mwili unakizoea, kimoja kinakuwa viwili, na usingizi wenyewe unakataa kuja bila hicho. Hukuandika kwamba unatumia, lakini wengi wanaosoma hapa wanatumia na hawajamwambia hata mume au mke. Kama umemeza kila usiku kwa wiki kadhaa, usitupe pakiti leo kwa hasira. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Ichukue pakiti, nenda nayo kwa daktari, mpunguze dozi taratibu kwa ratiba ya wiki kwa wiki.