Kabla hujatengeneza cheti cha mshindi

Bibi alikuja dukani saa mbili asubuhi, hata sijamaliza kufagia. Cheti amekizungushia kanga. Nikamwamkia, akaitikia, akakifungua taratibu juu ya kaunta.

"Mwanangu, huyu Mwanaasha ni nani?"

Nikainama kutazama. Mjukuu wake anaitwa Mwanaisha. Alikuwa ameshinda shindano la insha, ukumbi mzima umempigia makofi, amepiga picha na mgeni rasmi, kumbe kashikilia cheti cha mtu mwingine. Kazi ilikuwa yangu, ya usiku wa kuamkia sherehe: vyeti arobaini, karatasi ya Conqueror, pambo la dhahabu pembeni, utepe mwekundu chini. Ule utepe nilikuwa nimeuonea fahari sana.

Sijajibu bado, akaweka kidole kwenye mstari wa katikati. "Na hapa pamesemaje?" Palikuwa na Kiingereza. Nikamfasiria. Akasema, "Kumbe." Hakuongeza neno.

Nina miaka kumi na miwili kwenye kazi ya steshenari, na kabla ya siku ile nilikuwa naamini cheti kizuri ni mapambo. Baada ya ile "kumbe" nikaanza kutafuta jinsi vyeti vya tuzo kubwa duniani vinavyotengenezwa. Nikaona nianzie juu kabisa, kwenye Nobel, tuzo zinazotolewa Uswidi, na ile ya amani Norwei, maana ukitaka kujifunza kupika pilau huendi kuuliza mahali wanapochemsha wali mtupu.

Mshindi wa Nobel hukabidhiwa vitu vitatu: medali ya dhahabu, cheti, na hati ya kuthibitisha kiasi cha fedha anachopewa. Medali wote tunaijua. Cheti chenyewe kiko ndani ya jalada la ngozi linalofunguka kama kitabu. Upande mmoja ni mchoro wa msanii, upande wa pili ni maandishi ya mkono, herufi moja moja, wino na kalamu. Kila cheti ni kazi ya sanaa ya peke yake. Kwa upande wa Uswidi, vyeti vingi vya miongo ya karibuni viliandikwa na mkono wa mwanamke mmoja, Annika Rücker. Cheti cha amani hutoka Norwei, na kule kuna desturi yao: mwaka 1901, tuzo zilipoanza, walimtumia mchoraji Gerhard Munthe, na mchoro wake ukaendelea kutumika miongo kadhaa.

Nilipoziangalia picha za vyeti hivyo kwa mara ya kwanza nilitafuta utepe. Nikatafuta nyota. Rangi zipo, tena za kuvutia, lakini zinakaa upande wao na maneno yanakaa upande wao. Jina la mshindi halina kinachobanana nalo. Sisi huku tunachukua fremu ya maua kutoka intaneti, tunaweka nembo nne za wafadhili, kivuli cha mwenge nyuma ya maandishi, halafu jina la mtoto tunalibana katikati kwa saizi kumi na nne. Ukikitazama kwa mbali unadhani ni tangazo la sabuni.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni lugha. Vyeti vya Stockholm vimeandikwa Kiswidi. Cha Oslo kimeandikwa Kinorwei. Mjapani akishinda, Mmarekani akishinda, anapewa Kiswidi. Waswidi wote ni kama milioni kumi tu, na hati inayotamaniwa kuliko zote duniani wameiandika kwa lugha ya nyumbani kwao bila kumwomba mtu radhi. Abdulrazak Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Unguja aliyeshinda ya fasihi, mwaka 2021 hakwenda hata Stockholm kwa sababu ya korona. Alikabidhiwa medali na cheti mwezi Desemba mjini London, kwenye makazi ya balozi wa Uswidi. Bado cheti ni Kiswidi. Sasa niambie, shindano la insha ya Kiswahili, washiriki Waswahili, mgeni rasmi kahutubia kwa Kiswahili, cheti kinaandikwaje Kiingereza? Wateja wangu hujibu kwamba ndivyo kinavyoonekana cha maana. Siku hizi nawauliza nyumbani atakisoma nani. Wengi hubadili. Wasiobadili nawaandikia Kiingereza chao, kazi ni kazi, lakini nikishawaambia.

Ukishakubali kuandika Kiswahili, angalia unaandika nini. Maandishi ya cheti cha Nobel cha sayansi yanakwenda hivi: taasisi iliyotoa uamuzi, tarehe ya kikao, kutajwa kwa wosia wa Alfred Nobel wa tarehe 27 Novemba 1895, jina la tuzo, jina la mshindi, sababu, halafu sahihi. Yaani nani kaamua, lini, kwa mamlaka gani, kampa nani, kwa nini. Hakuna "mshindi mahiri", hakuna "kwa juhudi zake kubwa". Sababu ndiyo inayobeba uzito. Ya Wangari Maathai mwaka 2004 ilikuwa mchango wake katika maendeleo endelevu, demokrasia na amani. Ya Gurnah ilitaja uchambuzi wake usiolegeza msimamo, wenye huruma, juu ya athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi katika pengo kati ya tamaduni na mabara. Hata Einstein, aliyepewa tuzo ya mwaka 1921, sababu yake iliitaja kanuni ya athari ya mwanga kwenye metali, si nadharia ya uhusianifu ambayo kila mtu anamjua nayo. Walipima neno.

Kwa hiyo nikiletewa kazi sasa nauliza: alifanya nini hasa? "Kwa kushiriki vyema" sikubali kirahisi. Cheti cha Mwanaisha nilichokiandika upya kinasema ameshinda kwa insha yake juu ya kisima cha kijijini kwao. Mwalimu wake ndiye aliyenipa maneno hayo, kwa simu, dakika mbili.

Sasa jina, na hapa nitakaa kidogo. Wangari Maathai alisimulia mwenyewe kwamba jina la mume wake lilikuwa Mathai, lenye "a" moja mwanzoni. Walipoachana, mume akataka aliache jina lake. Yeye akaongeza "a" nyingine, likawa Maathai, lake mwenyewe. Mwandishi wa cheti angeidondosha herufi hiyo, angemrudishia mwanamke huyu jina alilonyang'anywa. Na Gurnah vilevile: kwenye daftari la shule ya kwetu angeweza kuwa Abdulrazaki, Abdulrazzak, Abdulrazak, zote ukizitamka ni yule yule. Inayofaa ni ile anayoiandika mwenyewe.

Utaratibu wangu sasa hauna ufundi wowote. Orodha ya majina siipokei kwa kuambiwa mdomoni wala kwa picha ya simu ya karatasi iliyokunjamana. Namwomba mteja aiandike, nami namsomea herufi kwa herufi, na kama kuna shaka tunampigia mzazi. Halafu nachapa karatasi moja ya kawaida, wanaisaini kwamba wameiona. Inachosha, ndiyo. Majina ya Kiislamu, ya Kichaga na ya Kihaya ndiyo yanayonitoa jasho zaidi, kila ukoo na tahajia yake.

Kuhusu kutunza sina mengi. Usikipige laminesheni cheti halisi. Joto la mashine huharibu wino wa baadhi ya printa, na siku utakapotaka kigongwe muhuri wa kuthibitisha nyuma, plastiki haipokei wino. Weka fremu, lakini mwambie fundi aache nafasi kati ya kioo na karatasi, vinginevyo unyevu wa pwani utavigandisha. Ukuta unaopigwa na jua la jioni uache kwa kalenda.

Na kama unadhani nakuza mambo, kwamba mtu anataka pesa na karatasi ni ziada, kumbuka Wajerumani watatu, Richard Kuhn, Adolf Butenandt na Gerhard Domagk. Walishinda mwaka 1938 na 1939, Hitler akawakataza kupokea. Vita vilipokwisha walipewa medali na vyeti vyao, fedha muda wake ulikuwa umepita, hawakuipata. Karatasi na medali walivipokea hivyo hivyo. Boris Pasternak, mwandishi wa Urusi, naye alilazimishwa kuikataa tuzo ya mwaka 1958 na akafariki bila kushika chochote. Mwaka 1989 mwanawe alikwenda Stockholm kupokea medali na cheti cha baba yake.

Cheti kipya cha Mwanaisha nilikitengeneza siku ile ile, bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki anasubiri. Utepe sikuweka. Alikisoma chote kwa sauti, pole pole, alipofika kwenye kisima akacheka, akasema kisima hicho alikichimba mume wake. Nikakataa pesa. Kesho yake mjukuu akaja na maembe sita.

Msimu wa mahafali umekaribia. Mwenye kazi aniletee majina mapema, yameandikwa kwa herufi kubwa, na sababu ya kila mshindi kando ya jina lake. Usiku wa kuamkia sherehe nimeacha kupokea.