Tunapata nini kwa kukesha tukitazama michezo?

Mkuu, umeuliza mtu mzima anafaidika nini kwa kumshangilia mchezaji asiyemjua wala kumpa hata mia. Mifano yako yote ni ya Simba na Yanga, na huko nakubali raha kubwa ni utani. Yanga ikifungwa, mimi wa Msimbazi Jumatatu nawahi kazini kuliko mlinzi. Hapo sivutiwi na mchezaji yeyote, namtafuta mtani nimkere.

Sasa njoo kwenye riadha. Septemba 2025 nilikesha na simu nikitazama marathoni ya mashindano ya dunia kutoka Tokyo. Kwao asubuhi, huku majogoo hayajawika. Mita za mwisho Mjerumani Amanal Petros alikuwa mbele, Alphonce Simbu wetu akamfukuzia, wakavuka mstari pamoja, Petros akaanguka chini. Wote wameandikiwa 2:09:48. Ikabidi picha iamue: Simbu kwa sekunde 0.03! Baada ya kilomita 42 na ushei! Nilipiga kelele mke wangu akaamka akidhani tumevamiwa.

Lakini kelele zile zilikuwa za miaka. Simbu nilimwona Olimpiki ya Rio 2016 akiwa wa tano, mashindano ya dunia ya London 2017 akachukua shaba, halafu akasubiri miaka minane kupata dhahabu ambayo Tanzania haikuwahi kuipata kwenye mashindano hayo. Asiyemfuatilia aliona wanaume wawili wanakimbizana tu.

Unasema pia tunaabudu washindi. Mbona John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni? Olimpiki ya Mexico 1968 alianguka, akaumia goti, akafungwa bandeji, akachechemea mpaka mwisho usiku umeshaingia, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Uliza kijiweni nani alishinda siku ile uone kama utajibiwa. Akhwari watakutajia. Kazini kwangu mtu anaweza kubabaisha hadi astaafu na kupewa zawadi ya ukutani. Kwenye marathoni, kama hukufanya mazoezi, kilomita ya 35 inakuumbua dunia nzima ikiona. Hicho ndicho kinachonivutia kwa wakimbiaji.

Ila kwenye lawama zako kwa matangazo ya kubeti niko upande wako kabisa. Kuna kijana hapa mtaani kachoma kodi ya chumba kwa sababu straika anayempenda anamtabasamia kwenye bango.