Udi wa kupiga na udi wa kuchoma

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kicheko chako tu. Unasema hapo Muscat umeingia duka la udi wa kufukiza, mlango wa pili ukakuta udi wa nyuzi umetundikwa ukutani, na muuzaji akakwambia ala ile iliitwa hivyo kwa kuwa zamani ikichongwa kwa mti ule ule wa manukato. Unauliza kama ni kweli.

Si kweli, na ushahidi niliupata mgongoni.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Mjomba wangu alikuwa na udi, akiutundika juu ya kitanda, ubao wa usoni umeachia pembeni kwa unyevu wa masika. Bibi yako, Mungu amrehemu, kila Alhamisi magharibi akitia udi kwenye chetezo. Akili yangu ya kitoto ikaona ni kitu kimoja. Nikabandua kibanzi pale ulipoachia, nikakitupa kwenye makaa. Loo! Kilinuka gundi na mbao inayoungua, mithili ya karakana iliyoshika moto. Mjomba akanishukia na henzirani.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ni mti, ubao, kijiti. Basi. Vitu viwili vimepewa jina hilo la jumla, kila kimoja kwa njia yake. Wa kufukiza unatoka India, Kambodia na misitu ya pande hizo. Mti ukishambuliwa na kuvu hujikinga kwa utomvu mweusi, na pale utomvu ulipojaa ndipo panaponukia. Kipande kizuri ukikitia majini kinazama. Sasa fundi gani atawamba uso wa ala kwa mti mzito namna hiyo, tena unaouzwa kwa kupimwa kama dhahabu? Uso wa udi unataka ubao mwepesi wa jamii ya msonobari, mwembamba wa milimita mbili au chini yake, ndipo sauti itoke.

Kwa nini basi ala iitwe “mti”, na ala ngapi ni za mti? Maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba ndugu zake walikuwa na uso wa ngozi. Gambusi la Kiyemeni, ambalo pwani hii wengine wakiliita kibangala, limewambwa ngozi kama ngoma. Ikaja hii yenye uso wa mbao, watu wakaiita kwa kile kilichoitofautisha. Wapo wataalamu wanaosema jina la udi limetokana na “rud” la Kiajemi, yaani uzi. Mimi ni seremala, unajua nitaegemea wapi.

Jina limesafiri sana. Waarabu wakisema “al-ud”, Andalusia ikalipokea, Wahispania wakabaki na laúd, Wafaransa luth, Waingereza lute. Ile L ya mwanzo ni mabaki ya “al”. Sisi tuliiacha, tukachukua udi mtupu, na ndiyo maana kwetu ukitaja udi bila kuongeza neno, mtu ananusa kwanza kabla ya kusikia. Hata tukisema tutalipata jambo kwa udi na uvumba, ni chetezo linalosemwa hapo, wala si taarab. Kuna na risha, kile kidude cha kupigia nyuzi: ni unyoya kwa Kiarabu, kwani wapigaji wa zamani walitumia unyoya wa tai. Siku hizi ni plastiki, jina halijabadilika.

Udi wa mjomba ninao mimi sasa. Nimeupasha moto gundi ya zamani, nimeurudishia uso wake, na pale nilipobandua nimetia kiraka cha urefu wa ukucha. Ukiutazama kwa mbali hukioni. Umebaki uchi tu, hauna nyuzi. Ukija Idi niletee seti moja: jozi tano na uzi mmoja peke yake wa sauti nzito, jumla kumi na mmoja.

Mama yako naye anataka udi. Wa kuchoma.

Baba yako