Sungura kanenepa: usimshindishe njaa, kwanza jua nani anamlisha

Dada uliyeuliza, nimesoma maelezo yako mara mbili. Sungura jike wa miaka mitatu, kila siku karoti nzima na ndizi, jioni kipande cha mkate, na sasa nyasi anazinusa tu anaziacha, tumbo linaburuza sakafuni. Unataka kumnyima chakula siku mbili apungue. Nakuomba usifanye hivyo. Utumbo wa sungura unatakiwa uwe na kitu kinachopita usiku na mchana. Ukikaa mtupu unasimama, na kuuanzisha tena ni shughuli. Zaidi ya hapo, sungura mnene akikosa chakula ghafla mafuta ya mwilini yanajazana kwenye ini, na unaweza kumpoteza ndani ya siku chache. Sungura akimaliza saa kumi na mbili mfululizo hajala wala hajanya, mkimbize kwa daktari wa mifugo, awe mnene awe mwembamba.

Sasa ngoja nikueleze yaliyonikuta mimi. Niko Morogoro, na huku karoti zikishuka kutoka Mgeta kwa wingi hakuna anayezihesabu. Sungura wetu ni chotara wa New Zealand White, aina ya sungura weupe, watoto walimwita Malkia. Akiwa na mwaka mmoja alikuwa na kilo 3.6. Alipofika mitatu, mizani ilisoma 4.9. Sikuiona hiyo kilo na ushee ikiingia. Wageni walikuwa wanamsifia, "huyu kanawiri kweli", na mimi nikavimba kichwa. Si unajua kwetu mnyama akinenepa sifa anapewa mwenye nyumba.

Siku moja ya masika nasafisha banda nikasikia harufu ambayo si ya mkojo. Nikambeba, nikamgeuza. Manyoya ya nyuma yalikuwa yameshikana na kinyesi laini, kama uji wa ulezi uliokaukia kwenye sufuria. Nikayalowesha kwa maji ya uvuguvugu, nikaanza kuyachambua kwa vidole, na katikati nikakuta vijidude vyeupe, vyembamba, vimelala pamoja kama chenga za mchele. Mayai ya nzi. Yalikuwa hayajaanguliwa, bahati yangu. Yakianguliwa yanakuwa funza, na funza hao wanamla mnyama akiwa hai.

Daktari aliniambia jambo ambalo nilikuwa silijui miaka yote hiyo. Sungura anatoa kinyesi cha aina mbili: zile golori kavu tunazofagia, na kingine laini, chenye kung'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Hicho cha pili anakila mwenyewe, anainama na kukichukua moja kwa moja kinapotoka, maana ndimo zilimo protini na vitamini zilizotengenezwa na bakteria wa tumboni mwake. Malkia alikuwa mnene kiasi kwamba mdomo haufiki. Na sukari zote zile zilikuwa zimevuruga hao bakteria, kwa hiyo kinyesi laini kilikuwa kingi kuliko kawaida na hakuna wa kukila.

Akaniuliza, "Anakula nini?" Nikajibu majani, na karoti kidogo.

Jioni nikaitisha kikao sebuleni, kila mtu aseme anachompa. Kifungua mimba wangu: karoti moja asubuhi kabla ya shule. Mdogo wake: nusu ndizi. Mke wangu: maganda ya papai na tikiti. Mama yangu mzazi, tunayekaa naye: kipande cha chapati kwenye chai ya jioni, "maana ananiangalia". Kijana anayetusaidia kazi: kopo la pumba za mahindi asubuhi na jioni, kwa sababu tulimwambia amlishe na hatukumwambia kiasi gani. Na mimi, biskuti usiku nikiangalia mpira. Kila mmoja alisema "kidogo tu", na hakuna aliyedanganya. Lakini fikiria, karoti ya gramu 100 kwa mnyama wa kilo 4 ni sawa na mtu wa kilo 70 kutafuna kilo moja na robo tatu kwa mkao mmoja. Bado ndizi.

Kwa hiyo, dada, kabla hujagusa chakula chake, uliza nyumbani kwako. Naweza kuweka dau kwamba hiyo karoti na mkate ni vile tu unavyovijua wewe, na vingine vipo.

Kazi ngumu ilikuwa mama. Mama yako mzazi humwambii "acha". Nilichofanya, nilichukua kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono, nikamkabidhi: "Mama, daktari anataka mtu mmoja mzima wa kushika posho ya huyu sungura." Asubuhi kinachowekwa kwenye kikombe ndicho cha siku nzima, kwa watu wote. Kikiisha kimeisha. Basi kuanzia siku ile hata mimi nilikuwa naomba ruhusa, na mara nyingi nikanyimwa.

Kwenye kikombe tuliweka vipande viwili vya karoti vyenye unene wa sarafu, au papai la ukubwa wa ukucha wa dole gumba, mara tatu kwa wiki. Siku nyingine majani ya harufu: giligilani, mnanaa, rehani. Nilidhani atasusa. Wapi! Anasimama kwa miguu miwili kwa ajili ya giligilani vilevile alivyokuwa anasimamia ndizi. Kumbe alichozoea ni mkono unaokuja. Majani ya karoti yenyewe pia ni bora kuliko karoti, na sokoni wanayatupa, omba tu.

Chapati, mkate, biskuti, ugali, punje za mahindi: tulifuta kabisa. Parachichi sitaki hata ulijaribu, si tunda wala majani yake, ni sumu kwa sungura. Kitunguu na kitunguu saumu vilevile, na majani mabichi ya muhogo.

Ila kilichokuwa kinamnenepesha zaidi, kwa maoni yangu, ni pumba. Watu wengi hawazihesabu kwa sababu wanaziona ndiyo chakula chenyewe. Tulizipunguza kwa wiki tatu, kidogo kidogo, mpaka zikaisha, tukabaki na peleti za sungura, yaani chakula kilichosagwa na kushindiliwa vipande vidogo, zisizozidi gramu 25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Yeye nilimpa nusu ya hapo.

Kuhusu kugoma nyasi: kwa nini ale nyasi akijua mkate unakuja? Pumba zikipungua anarudi mwenyewe, lakini msaidie. Nyasi ikaukie kivulini ibaki na rangi ya kijani. Ile ya njano yenye vumbi hata mimi ningeiacha. Changanya ndani yake mchunga au kishona nguo kilichonyauka, awe anachambua, na katika kuchambua anakula. Nyasi ndiyo iwe sehemu kubwa ya chakula chake kila siku, wala usimpimie. Meno ya sungura hayaachi kukua, na kinachoyasaga ni kule kutafuna nyasi.

Kupima: mizani ya jikoni, beseni juu yake, taulo ndani asiteleze. Siku ileile kila wiki, asubuhi, na andika. Lengo ni apungue kama asilimia 1 kwa wiki; kwa Malkia ilikuwa gramu 40 hadi 50. Akipungua haraka kuliko hapo, ongeza chakula. Na mguse mbavu: unatakiwa uzisikie kwa kubonyeza kidogo tu, kama unapapasa vidole vya mtu kupitia khanga. Lile kunjo la chini ya kidevu lisikutishe, majike wengi wanalo, ila likiwa kubwa mpaka linamzuia kujilamba, hilo ni mafuta.

Mwezi wa pili mizani ikagoma, wiki tatu bila kushuka. Mama akaapa kikombe hakijaguswa. Nikajificha dirishani jioni moja: mtoto wa jirani, miaka minne hivi, anapitisha maandazi kwenye wavu wa banda, kipande kwake, kipande kwa Malkia. Tukahamisha banda upande wa pili wa nyumba.

Ilichukua miezi saba kufika kilo 3.8. Nyuma yake ni pakavu, anajilamba mwenyewe.

Wewe anza leo usiku, kabla hujalala: mgeuze taratibu, umshike mgongo vizuri asipige mateke, umulike nyuma kwa tochi ya simu. Ukikuta mayai au funza usisubiri kesho. Ukikuta pasafi, mpime, kisha urudi hapa utuambie kilo ngapi, na kama kuna mtu anampa pumba.