Boti ya tanga ya kuvutwa kutoka Dodoma hadi pwani

Ndugu yangu, umesema boti yako ya mita 5 inawatosha kwenye bwawa la Mtera, ila sasa unataka ya kulala mama na watoto watatu mkizunguka pwani. Nakushauri uishie mita 7 hadi 7.5, na upana usizidi mita 2.5 ili trela ipite barabarani bila usumbufu.

Kinachoamua ni uzito kuliko urefu. Jumlisha boti, trela, mashine, mafuta, maji ya kunywa na mizigo, kisha linganisha na uwezo wa kuvuta ulioandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Hadi Dar ni kama kilomita 450, na miinuko ya Gairo ipo njiani. Trela isiyo na breki zake usiinunue hata ukipunguziwa bei.

Mimi ningechagua yenye farumi ya maji, yaani tangi la maji chini ya boti linaloipa uzito isipinduke: unaimwaga kabla ya kuivuta, unaijaza ukishaelea. Lakini tangi lijae kabisa kabla ya kutweka tanga. Likiwa nusu, maji yanakimbilia upande ulioinama na boti inaweza kupinduka na watoto wako.

Mkuku, yaani ubao wa chini ya boti unaoizuia isisukumwe pembeni na upepo, uwe wa kupandishwa. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo yakitoka, ukiwa umeupandisha mkuku, boti itakalia mchanga vizuri.

Kabla ya kulipa, simamisheni mlingoti wewe na mkeo, wawili tu. Mkishindwa, tafuta nyingine. Safari za kwanza fanyeni upepo wa kaskazi ukiwa umetulia, upepo mkali wa kusi uacheni.